Kura Iliyoharibika ya Ruwais

Karatasi bado iko mkononi mwa Dalmas, ndugu msomaji, kwa hiyo salamu zisubiri.

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki jana, mambo yalifika hapa. Dalmas Wekulo ni dereva wa nyumba moja mjini Jeddah. Mwezi wa kumi mwaka huo wa 2017 ndiye aliyesimamia uchaguzi wa umoja wa Wakenya katika jimbo la Ruwais. Wiki tatu baadaye walioshindwa wakadai kura zihesabiwe upya. Basi Ijumaa hiyo, saa saba mchana, akimsubiri wakala wao, Dalmas aliuvuta mfuko wa kura kutoka chini ya kitanda chake huko Al-Mahjar. Ndani ya chupa moja, ile iliyohesabiwa kuwa imeharibika, mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nane. Akaikunjua. Maneno mawili ya kwanza yalikuwa: Baba Mdogo.

Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyemwita hivyo. Ivy. Mtoto wa marehemu kaka yake, Onesmus.

Dalmas alikaa kitini, akasoma.

"Baba Mdogo, najua leo ni wewe unaokota chupa mtaa wetu. Wamenifungia chumba cha juu tangu Jumatatu. Simu wamechukua. Nilianguka ngazini, mguu umevimba, madam anasema najifanya. Wananifungulia mara moja tu kwa siku nimwage taka, na bosi anasimama getini. Kesho asubuhi wananipeleka Riyadh kwa dada yake madam. Usiondoke. Nitakuwa dirishani. Simama nikuone, halafu uite mtu. Kura yangu iko ndani, sijasahau. Ivy."

Akaisoma mara ya pili. Halafu akaigeuza nyuma, kana kwamba huko nyuma pangekuwa na habari nyingine nzuri kidogo. Hapakuwa na kitu.

Ivy alisema kesho. Na hiyo kesho ilikuwa imepita siku ishirini.

Sasa utauliza, msomaji, kura gani hii inayopigwa ndani ya chupa? Usicheke. Mwaka huo nyumbani watu walikuwa wakipiga kura, na Wakenya wa Saudia hawakuwa na kituo hata kimoja. Wakasema basi, angalau umoja wetu tuuchague sawasawa. Aliyewachorea utaratibu ni Mwalimu Norman, mzee mmoja mweusi aliyefundisha Kiingereza Riyadh, mtu wa kisiwa kidogo cha Karibiani ambacho Dalmas hakuwahi kulishika jina lake vizuri.

"Kwetu nchi nzima ina majimbo kumi na moja," Norman aliwaambia. "Jimbo dogo kabisa lina wapiga kura mia sita. Mgombea anajua mpaka jina la mbwa wako. Vyama ni viwili, kimoja chekundu, kimoja cha buluu, na serikali imewahi kuanguka kwa kura moja."

Wakapenda. Nao wakajigawia majimbo matatu: Al-Mahjar na Ruwais kwa upande wa Jeddah, Al-Sulimaniyah kwa upande wa Riyadh. Vyama viwili, Wekundu na Wabuluu. Atakayepata majimbo mawili ndiye mwenyekiti.

Lakini dada anayefanya kazi ya ndani anapigaje kura na geti limefungwa? Hapo ndipo Wakenya walipoonyesha akili. Dada wa ndani, hata afungiwe vipi, taka lazima amwage. Basi kila mmoja alipelekewa nyuzi mbili, mwekundu na wa buluu. Siku ya kura anaukata uzi wa chama chake vipande viwili. Kipande kimoja anakitia ndani ya chupa tupu ya maziwa, anaifunga, anaiacha kando ya pipa la taka. Kipande cha pili anajifunga mkononi, badala ya ule wino wa kidoleni, na anakaa nacho mpaka atangaziwe matokeo. Baada ya swala ya Ijumaa, mabosi wakiwa wamelala na wali tumboni, dereva anapita kuokota chupa.

Na hakuna maandishi. Hilo lilikuwa amri. Mwaka uliotangulia dada mmoja alishikwa na orodha ya majina kwenye aproni, na watu wanane wakarudishwa Kenya na nguo walizovaa. Kwa hiyo chupa yenye maandishi imeharibika. Haihesabiwi, haisomwi.

Ruwais ilikuwa na chupa thelathini na saba. Wekundu kumi na nane, Wabuluu kumi na nane, moja imeharibika. Sare. Al-Mahjar ilikuwa imekwenda kwa Wabuluu, Al-Sulimaniyah kwa Wekundu, kwa hiyo Ruwais ndiyo ilikuwa inaamua kila kitu. Na kwa utaratibu wa Norman, sare ikitokea, msimamizi wa jimbo ndiye anayetoa kura ya kuamua.

Dalmas alitoa yake kwa Wekundu. Mgombea wao, Stephen, alikuwa amemuuguza alipougua Riyadh, na alimwahidi ukatibu wa usafiri. Akaupata.

Nisimtetee. Ile chupa ya thelathini na saba aliifungua mwenyewe ndani ya gari. Aliuona uzi wa buluu, akaiona karatasi, akaifunga chupa haraka na moyo wake ukafurahi. Uzi ungekuwa mwekundu, je? Angechungulia. Yeye mwenyewe alijua angechungulia, na alipojijibu hivyo pale kitini, aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Mlango ukagongwa.

"Dalmas! Fungua, jua linaniua huku nje."

Ilikuwa sauti ya Ephraim, wakala wa Wabuluu, mwashi wa Bungoma mwenye maneno machache. Dalmas aliisukuma karatasi ndani ya soksi. Chupa akaipiga teke chini ya kitanda. Akafungua.

Ephraim hakukaa hata kitako. Alizipanga chupa sakafuni mistari miwili, akahesabu kwa kidole, taratibu, akarudia.

"Kumi na nane, kumi na nane. Ile iliyoharibika iko wapi?"

"Niliitupa."

"Ulitupa kura ya mtu?"

"Iliharibika, Ephraim. Ilikuwa na maandishi. Sheria unaijua."

"Uzi wake ulikuwa rangi gani?"

Dalmas alifungua mdomo. Hapa, msomaji, alikuwa na nafasi yake, safi kabisa, na mtu mwema mbele yake.

"Sikuangalia," akasema.

Ephraim alinyanyuka. Halafu akatoa simu, akampigia Priscah, mgombea wa Wabuluu, akaongea naye kwa sauti ya chini, akakata.

"Priscah anasema basi. Bila hiyo chupa hatuna kesi. Halas." Akaanza kuzirudisha chupa mfukoni. "Yeye hakutaka hata hicho kiti, unajua? Alitaka kitu kimoja tu. Kila Ijumaa madereva wapite kila nyumba, kila dada aulizwe kama amekula na kama yuko sawa. Wiki ile ile ya kwanza. Sasa nyinyi mnatuandalia mpira wa Jamhuri Dei. Ni sawa. Mpira pia ni mzuri."

Akaondoka. Dalmas alikuwa ameshinda Ruwais mara ya pili.

Dakika kumi baadaye alikuwa barabarani. Bosi amelala, na akiamka ataambiwa gari lilikwenda kutiwa upepo. Kutoka Al-Mahjar hadi Ruwais siku ya Ijumaa barabara ni tupu, na njia nzima Dalmas aliongea peke yake. Labda hawakumpeleka. Labda walibadilisha mawazo, watu hubadilisha mawazo.

Alisimama mahali pale pale aliposimama siku ya kura, kando ya mapipa, nyumba ya geti la kijani ikiwa mkono wa kulia. Akainua macho. Dirisha la juu lilikuwa na pazia jipya.

Alingoja robo saa. Geti la nyumba ya mkabala likafunguliwa, akatoka Shiro na mifuko miwili ya taka. Shiro ni dada wa Murang'a, mwaka wa tatu kwa madam yule yule, ulimi mwepesi. Dalmas akachuchumaa kwenye tairi kana kwamba analikagua. Huko ndivyo watu wanavyoongea, kila mmoja anatazama kwake.

"Shiro. Ivy yuko?"

"Ivy? Aki Dalmas, si walimpeleka kitambo."

"Lini?"

"Ile Saturday baada ya kura, asubuhi na mapema. Walimshikilia huku na huku, hakuwa anatembea poa. Ako na kamfuko kamoja tu. Huyo waliyemleta sasa hata hasalimii watu."

"Mbona hukuniambia?"

Shiro alisahau kutazama pembeni. Alimgeukia mzima mzima.

"Nikuambie nini na wewe ulikuwa hapa? Ile Friday si ulisimama hapo hapo? Alikuwa anagonga hiyo window na mikono yote miwili, mpaka mimi nikaogopa itavunjika. Nikaona umeangalia juu, umeinua mkono. Nikasema afadhali, Dalmas amemwona, huyo ni mtoto wao."

Dalmas aliinuka kutoka kwenye tairi. Alikuwa amekumbuka.

Alikumbuka kweli. Jua lilikuwa kali kwenye kioo, na nyuma ya kioo mtu alikuwa akipiga piga kwa viganja. Yeye alidhani anashangilia uchaguzi. Ndiyo maana alikunja ngumi, akaiinua juu, salamu ya Wekundu, akatabasamu, akatia gari gia. Alimpungia. Mtoto wa kaka yake anaomba atolewe, na yeye akampungia mkono akaenda zake.

"Dalmas," Shiro alisema, sasa kwa upole, "kwani hukumwona?"

"Rudi ndani, madam asikuone."

Aliingia ndani ya gari, akafunga vioo, akalia. Alilia kama alivyolia siku walipomzika Onesmus, kwa kelele na makamasi, mwanaume mzima wa miaka arobaini na moja, paji la uso kwenye usukani. Alilia mpaka honi ikajipiga, akashtuka.

Simu ikaita. Nambari ya Kenya.

"Shemeji, mimi."

Ilikuwa sauti ya Rosebellah, mama yake Ivy. Kila akipiga huanza hivyo hivyo, Shemeji, mimi, kama mtu aliyesimama mlangoni na hataki kusumbua.

"Nakusikia, Shemeji."

"Nakupigia tu. Leo ni wiki ya nne sijasikia sauti ya huyu mtoto. Wewe uliniambia ni network. Halafu ukaniambia ni kazi nyingi. Sasa nimekuja kwa jirani, network yake ni nzuri sana, nikasema labda shida ilikuwa kwangu."

Dalmas alifuta uso kwa mkono wa shati.

"Uliniambia huko Jeddah nyinyi mko kama jikoni na sebule," Rosebellah aliendelea. "Nilimwachilia kwa sababu hiyo tu. Wengine waliniambia nisimwachilie, nikawaambia, ana baba yake mdogo huko. Nipe hata nambari ya huyo madam wake. Nitamsalimia tu, sitasema neno baya."

"Shemeji, nitakupigia."

"Dalmas," alisema Rosebellah, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwita kwa jina, "wewe husema nitakupigia ukiwa umeficha kitu. Siku ya kifo cha Onesmus pia ulisema, Shemeji, nitakupigia."

Akakata yeye mwenyewe.

Dalmas alimpigia Stephen, mwenyekiti mpya, ambaye kazi yake ya mshahara ilikuwa ulinzi wa jengo la maduka huko Al-Sulimaniyah. Alimweleza yote kwa mkupuo mmoja: karatasi, uzi, dirisha, Riyadh. Nyuma ya Stephen zilisikika toroli zikisukumwa.

"Pole sana, ndugu yangu," Stephen alisema, na ilikuwa pole ya kweli. "Haki ya Mungu nitamtafuta. Lakini hiyo karatasi uichome leo."

"Kwa nini?"

"Moja, ikisomwa tunapoteza Ruwais. Tuseme hiyo si kitu. Mbili, ina nyumba ya mtu na mambo ya mtu. Umesahau wale wanane? Mimi nina watu zaidi ya mia hapa wanaolala kwa sababu umoja wetu unaonekana ni kikundi cha maombi na mpira. Tukianza kugusa mambo ya makafili, hawa mabosi wenye vibali vyetu, yalla, sote airport."

"Utamtafutaje bila kuuliza watu?"

"Polepole. Mimi na rafiki wawili."

"Stephen, Riyadh ina watu milioni ngapi?"

Stephen alisikika akimwelekeza mteja mlangoni.

"Ana siku ishirini huko," Dalmas alisema. "Mguu umevimba, na hana simu."

"Na tatu," Stephen alisema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka, "watu watauliza ni nani aliona uzi wa buluu akafunga chupa. Mimi sitakutaja. Utajitaja mwenyewe? Mama yake naye atasikia, hizi voice note zinafika mpaka Kakamega. Fikiria, bro. Choma."

Dalmas alikaa na simu mapajani. Alitoa karatasi ndani ya soksi. Ilikuwa imelowa jasho, na wino wa jina la Ivy ulianza kutawanyika.

Kiberiti kilikuwepo, cha bosi, pale karibu na gia.

Nikuambie ukweli, msomaji: alikishika. Hata akawasha njiti moja. Ikaungua mpaka karibu na kidole akaipuliza, kwa sababu maneno ya Mwalimu Norman yalimjia, yale ambayo Wekundu na Wabuluu wote walikubaliana kuyafuta kwenye utaratibu wao.

"Kwetu kura iliyoharibika inasomwa kwa sauti," Norman aliwaambia siku ile. "Vyama vyote viwili vimesimama. Mwaka mmoja mama yangu hakuweka alama popote. Aliandika tu kwamba daraja letu limesombwa na maji na mtoto wa jirani alizama akienda shule. Msimamizi akaisoma kwa watu wote. Mtu ametoka kwake, ametembea, amekuletea kitu. Usipokihesabu, basi angalau kisome."

Wao walikuwa na hofu ya maandishi, wakayafuta. Hofu yao ilikuwa ya haki. Lakini wanawake wa Kikenya walio Riyadh ndio wanaosafisha nyumba za Riyadh, wanaofagia hospitali zake, wanaoosha wazee wake. Kama kuna macho yaliyomwona Ivy, ni hayo. Na hayo macho yote yalikuwa kwenye simu yake, kwenye kundi la WhatsApp lililoitwa Maombi ya Ijumaa, watu mia mbili na kumi na wanne.

Saa tisa kamili mkutano ulianza. Mkutano wao ni wa sauti zilizorekodiwa, maana hakuna ukumbi wa kuwakutanisha, na dada aliye jikoni anaweza kusikiliza huku akiosha vyombo. Ya kwanza ilikuwa ya Stephen, kuhusu jezi za Jamhuri Dei.

Ya pili ilikuwa ya Dalmas.

"Jina langu ni Dalmas, msimamizi wa Ruwais," alisema, na kidole kilikuwa kinateleza kwenye kioo. "Nataka kusoma kura iliyoharibika."

Akaisoma yote. Alipofika "Usiondoke" alisimama kidogo, akaendelea. Halafu akasema: "Uzi ulikuwa wa buluu. Niliuona. Niliona na karatasi, nikafunga chupa kwa sababu mimi ni Mwekundu. Leo nimemdanganya Ephraim kwamba niliitupa. Huyu ni mtoto wa ndugu yangu. Alikuwa dirishani na nikampungia mkono. Hesabu ya Ruwais ni Wabuluu kumi na tisa, Wekundu kumi na nane, na kura yangu ya kuamua haikutakiwa. Ana miaka ishirini na mbili, mwembamba, ana kovu la maji ya moto hapa begani. Yuko Riyadh. Tafadhali."

Akaituma kabla hajapata akili ya kuifuta.

Mmoja mmoja wakaanza kuisikiliza. Halafu neno moja likaandikwa na nambari asiyoijua: Muuaji. Likafuatiwa na mengine ya aina hiyo, na Dalmas aliyasoma yote moja moja, hakuruka hata moja.

Halafu sauti ya Ephraim: "Dalmas. Nilikuuliza rangi."

Halafu Priscah. Dalmas alingoja ashangilie, maana mama huyo alikuwa ametoka kupata uenyekiti. Priscah alikuwa na kwikwi. "Sitaki mtu aniambie hongera. Sitaki kiti leo. Riyadh, ulizaneni. Kila mtu aulize alipo. Sasa hivi."

Mstari mdogo wa kijivu ukajitokeza: Stephen ametoka kwenye kundi.

Dalmas aliutazama mstari huo. Mtu aliyemnywesha uji miezi miwili alikuwa ameondoka bila hata kufoka. Alitamani angefoka.

Ndipo juu ya kioo pakaandikwa: Charity Sulimaniyah anarekodi sauti. Yakapotea. Yakarudi. Yakapotea tena.

Ikaingia.

"Hamjambo. Mimi ni Charity, nasafisha hospitali moja hapa Riyadh. Mimi ni Mwekundu, lakini hiyo tuiache. Dalmas, sijui kama ni yeye. Kuna msichana aliletwa wodi yangu kama wiki mbili sasa. Ikama mafi, hana kibali chochote, jina pia mafi, aliyemleta akaenda. Mguu wameufunga. Haongei, anaangalia tu juu. Tulidhani ni wa nchi nyingine. Kovu sikuliona, mimi siruhusiwi kumvua. Lakini ana uzi mkononi. Wa buluu. Niliona ni pambo tu, maana sisi wote tulikata zetu siku ya matokeo. Siku moja nurse alitaka kuutoa amfunge dripu. Huyo msichana hajawahi kusogeza hata kidole, lakini hapo alivuta mkono akauficha chini yake."

Dalmas aliuma kiganja chake.

Wote walikata nyuzi zao jioni ile ile ya matokeo, mia mbili na zaidi, wengine kwa mkasi, wengine kwa meno. Aliyebaki na uzi ni yule asiyetangaziwa. Ivy alikuwa bado anangoja aambiwe kura yake imefika.

"Yuko hai," Dalmas alisema peke yake ndani ya gari, kwa sauti. "Yuko hai. Yuko hai." Aliwasha gari. Kilomita mia tisa na zaidi, gari la bosi, bila ruhusa, na wamkamate wakitaka. Alishaanza kurudi nyuma alipoona Charity anarekodi tena.

Ya pili ilikuwa fupi. Sekunde ishirini.

"Dalmas, nilikuwa naogopa kuisema hii. Leo asubuhi nimeingia na ndoo yangu nikakuta kitanda kimetandikwa. Nimeuliza, hakuna anayeniambia kitu. Uzi nimeuokota kwenye pipa la taka. Umekatwa na mkasi."

Mguu wa Dalmas ukatoka kwenye klachi na gari likazimika katikati ya barabara, mbele ya geti la kijani. Nyuma yake mtu akapiga honi. Simu ikaanza kuita mkononi mwake, nambari ya Kenya, na kidole chake kikaipokea kabla hajajua atasema nini.

"Shemeji, mimi," alisema Rosebellah. "Nimeisikia hiyo sauti yako. Sasa niambie."